Antena Siku ya Hitma ya Mama

Kompyuta ya zamani ikifunguliwa hutoa harufu yake: vumbi lililopata moto, plastiki iliyochoka, na kitu kama nywele zilizokaribia kuungua. Wiki iliyopita fundi alikuja ofisini kwetu mjini Tanga kusafisha mashine moja iliyokuwa ikizimika ovyo. Alipotoa kifuniko na kupuliza, wenzangu waliziba pua. Mimi niliinuka nikatoka, nikisingizia kwamba nimepigiwa simu. Nilisimama barazani mpaka macho yakanikauka. Kwangu harufu ile ni ya msiba wa mama yangu, na pale ofisini hakuna ninayeweza kumweleza jambo hilo asinione nimerukwa na akili.

Wenye umri wangu mtakumbuka kipindi kile televisheni zetu za chogo zilipoingia chenga nchi nzima. Tuliambiwa mitambo ya zamani imezimwa, na asiye na king'amuzi asahau. Sisi hatukuwa nacho. Kijijini kwetu, kusini ya Tongoni, watu wengi hawakuwa nacho, na chogo la bibi likabaki pale sebuleni limevishwa kitambaa cha kufuma na kubebeshwa ua la plastiki. Nje, antena ilibaki juu ya mti wake mrefu wa mkoko uliochimbiwa pembeni ya jiko, ikitumiwa na kunguru tu.

Ilikuwa ndani ya kipindi hichohicho mama alipotoka kwenye televisheni. Alikuwa akilima mwani pamoja na kina mama wenzake. Maji yakitoka wanaingia, wanainama kutwa kwenye maji ya magoti, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba. Siku moja wakaja watu wa kamera, wakawapiga picha, wakamhoji mama kwa sababu ndiye aliyekuwa na mdomo. Kipindi kilipotoka, ndugu wa mjini walituma salamu kwamba wamemwona na kwamba amependeza. Sisi tulikuwa tumekaa mbele ya chenga. Mama alicheka mpaka akajishika kiuno. "Nimeonwa na watu wote," alisema, "isipokuwa mimi mwenyewe na mama yangu."

Haukupita muda akaugua homa. Alipelekwa hospitali akiwa amejifunga kanga kichwani, nami nikaachwa na bibi. Watu wazima walikuwa wakinong'onezana ukumbini kwamba hajaamka, kwamba bado hajaamka, na mimi nikawa nawaza kwa nini mtu hamwamshi kwa kumtikisa bega kama anavyonitikisa yeye asubuhi za shule. Kisha akarudishwa amefunikwa. Baba alikuwa ameachana naye kabla mimi sijajua kusema, kwa hiyo nikabaki mtoto wa bibi. Picha pekee ya mama iliyokuwapo nyumbani ilikuwa ile ya kitambulisho cha kura, ambayo ndani yake ametoa macho kana kwamba amekanyagwa. Video hatukuwa nayo. Simu za nyumbani kwetu zilikuwa za tochi.

Bibi aliyakamata mambo ya msiba kwa mikono miwili. Ilikuwa marufuku redio, marufuku kucheka kwa sauti, marufuku kuita mtu kwa kupaaza. Televisheni ambayo haikuwa ikionyesha kitu aliichomoa waya na kuifunika kanga mbili, na akasema haitafunuliwa mpaka isomwe hitma ya arobaini. Hakuna aliyemwuliza kwa nini unafunika chenga. Kwa bibi nyumba yenye msiba haina televisheni, basi.

Mjomba Bakari, kaka yake mama na mtoto wa kiume pekee wa bibi, alikuwa fundi wa kompyuta mjini. Alifunga kibanda chake akaja kukaa na mama yake mpaka arobaini ipite, na akaja na kompyuta moja nene, ya rangi ya meno ya mvutaji. Aliiweka chumba cha uani. Kuanzia siku hiyo, wakati wanawake wanalia ukumbini na wanaume wamekaa barazani, mjomba alikuwa chumbani ameinamia lile dude lililo wazi matumbo. Hakulia mbele ya mtu. Jambo hilo lilimwuma sana bibi. Siku moja alisimama mlangoni akamwambia kaburi la dadake halijakauka na yeye anachezea mashine, na kwamba hakujua kama amezaa jiwe. Mjomba aliinamisha kichwa, akaendelea kukaza skrubu. Nami, kwa kuwa nilikuwa upande wa bibi katika kila jambo, nilimchukia mjomba kwa nguvu zangu zote za mtoto.

Chuki hiyo haikudumu, kwa sababu nilikuwa mdadisi na chumba cha uani kilikuwa kimya. Nilianza kwa kuchungulia, nikaishia kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mjomba aliposhindwa kunifukuza akanieleza, kwa sharti kwamba nisimwambie bibi. Kile kipindi cha mwani kitarudiwa. Alikuwa amewapigia watu wa kituo mpaka wakachoka naye, wakamtajia siku: Jumapili alasiri, siku ileile ya hitma. King'amuzi kingeonyesha tu kikapita, yeye alitaka kibaki. Alikuwa na kadi ya kunasia televisheni ya mitambo mipya, kipande cha kijani chenye tundu la waya wa antena, aliyoitoa kwenye mashine mbovu ya mteja aliyehama. Na uzuri wake, aliniambia, ni kwamba kompyuta inaweza kurekodi bila kuonyesha kitu. Kioo kinazimwa, sauti hakuna, inameza picha kimyakimya, na miiko ya bibi haivunjwi. Alilisema hilo la mwisho kwa haraka kidogo, kama mtu anayejishawishi mwenyewe.

Mashine ile ilitumia Linux, ambayo mjomba alisema ni mfumo wa bure na wa watu wabishi. Kwenye kioo hapakuwa na picha za kubonyeza. Palikuwa na weusi tu na maandishi meupe yaliyokuwa yakikimbia kwenda juu. Aliichomeka kadi, akawasha, akasoma yale maandishi huku akijikuna kidevu. Akaniambia, "Imeiona. Ila kadi yenyewe haijaamka."

Niliposikia hivyo nilisogeza ndoo karibu. Nilimwuliza kama ataiamsha. Akasema iko dawa yake, faili dogo la kuiamshia, nalo hana, mpaka aende mjini akalitafute kwenye mtandao. Akaenda, akarudi nalo kwenye flashi, akalinakili mahali pake, akazima na kuwasha tena. Kadi ikaamka. Sijui kama naweza kueleza nilichohisi. Pale hospitalini madaktari wote walishindwa kumwamsha mtu, na mjomba wangu, amevaa singlendi, ameweza.

Kilichofuata kilikuwa kutafuta stesheni. Aliandika amri, mashine ikaanza kupekua masafa, moja baada ya jingine, ikijibu hakuna, hakuna, hakuna. Antena ilikuwa imegeuka tangu enzi za kunguru. Kwa kawaida mmoja huzungusha mti na mwingine hupiga kelele kutoka ndani, lakini kelele zilikatazwa. Basi mjomba akasimama nje kwenye mti wa mkoko na mimi dirishani, natazama namba ya nguvu ya mawimbi kwenye kioo. Ikipanda nainua kiganja, ikishuka nakishusha. Jirani aliyepita alidhani tunafundishana ishara za mabubu. Tulifanya hivyo mpaka namba ikasimama juu na kutulia, na mjomba akakaza waya wa kufungia kwa koleo, akapiga kabari za mawe chini ya mti.

Aliporudi ndani akajaribu. Ghafla kwenye ule weusi pakafunguka kidirisha, na ndani yake mtu mwenye tai akawa anachezesha mdomo bila sauti, safi kabisa, hana chenga hata moja. Nilitazama waya uliotoka nyuma ya mashine, ukapita dirishani, ukapanda mti mpaka juu. Nikaelewa, kwa namna ya mtoto kuelewa, kwamba mtu yule ameshuka kupitia pale, na kwamba Jumapili atashuka mama.

Nikamwuliza mjomba, "Mama ataijua njia?"

Mjomba alifuta mikono kwenye suruali. Kisha akasema, "Antena ndiyo itakayomwonyesha njia."

Simlaumu. Alikuwa kijana aliyefiwa na dada, amebanwa na swali la mtoto. Lakini neno lile nililibeba kama maji kwenye kiganja, siku zote zilizobaki.

Siku ya hitma mjomba alizima kioo, akaiacha mashine ikinguruma chini ya meza amri yake ikiwa tayari ndani: wakati ukifika ifungue, irekodi, ifunge. Alifunga chumba. Asubuhi kuelekea adhuhuri akatumwa kwenda njia kuu kupokea wageni kutoka Pangani. Huku nyuma wanaume wakawa wanasimamisha turubai uani. Upepo ulikuwa mwingi, turubai likawa linajaa na kulala katikati, na watu walikuwa wameshaanza kuwasili. Pakatakiwa mti mmoja mrefu wa kulinyanyua. Wakaangaza macho. Bibi, aliyekuwa anasimamia masufuria ya pilau, akauonyesha kwa mwiko.

"Si ule wa antena? Televisheni tumeifunika, mti unangoja nini pale?"

Hakuna aliyeweza kubisha, maana ilikuwa kweli tupu. Nyumba ya msiba haina televisheni, na antena isiyo na televisheni ni chuma. Wakaung'oa. Waliifungua antena kwa adabu, hata hawakukata waya wake, wakaiegemeza ukutani nyuma ya jiko. Nilimkimbilia bibi nikamvuta kanga. Nilimwambia ule ni wa mama, wasiuchukue, ni wa mama. Bibi aliweka mwiko chini, akanikumbatia, akalia, kwa mara ya kwanza siku ile. Akaniambia mama yako yuko kwa Mola wake, mwanangu, hahitaji tena vitu vya nyumba hii. Nilikuwa nimemwahidi mjomba kutosema, na hata kama ningesema zaidi sidhani angenisikia. Alidhani ni uchungu unaoongea.

Mjomba alifika na wageni, akawakaribisha chini ya turubai, akainua macho kutazama limesimama juu ya nini. Niliuona uso wake. Alizunguka nyuma ya jiko bila kukimbia, akaikuta antena, akainyanyua kwa mikono juu ya kichwa, akaielekeza upande ule tuliokuwa tumeupata kwa viganja. Wakati wa kipindi ulikuwa umewadia. Bado namwona, kanzu nyeupe, kofia, mikono juu, moshi wa pilau unampiga machoni. Bibi akamfumania hapo.

"Bakari, masheikh wamekaa wanakusubiri wewe, mfiwa, nawe umebeba vyuma?"

Mjomba alifungua mdomo. Leo ningetoa chochote laiti angesema. Angesema neno moja, mwanao anatoka sasa hivi, naamini bibi mwenyewe angeishika ile antena. Lakini kusema hivyo kulikuwa kukiri kwamba siku zote zile za miiko yake kulikuwa na televisheni ikinguruma uani, na wageni walikuwa wanasikiliza. Akaishusha. Akanawa mikono, akaenda kukaa, akapewa juzuu yake, na sauti yake ikaungana na za wengine.

Hapo nikaishika mimi. Nilipanda juu ya kinu kilichopinduliwa nikaiinua kadiri nilivyoweza, na kwa kuwa sikuwa na dirisha la kutazama namba, sikujua kama inapanda au inashuka. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Nilimsemesha mama. Nilimwambia huku, mama, huku nyuma ya jiko, mti wameuchukua lakini niko mimi. Mikono ilianza kutetemeka, antena ikawa inacheza, na nilikuwa nalia kwa kumwogopea, maana mtu anayefuata njia inayochezacheza anapotea.

Akatokea Bi Mwanaidi, amekuja kuchota majivu. Huyu alikuwa shoga wa mama kwenye mwani, walikuwa wakifunga kamba bega kwa bega, mwembamba kama mama, na kwa kuwa ni mtu wa mashoto watu walimtania kwamba anafunga mwani kinyumenyume. Aliniona, akasogea. Aliuweka ungo wa majivu chini, akanyoosha mkono wake wa kushoto, akaishika antena pamoja nami. Ilitulia. Tulisimama hivyo kwa muda, kisha wakamwita ndani akaenda, na mimi nikabaki nayo mpaka niliposikia dua ya mwisho na watu wote wakiitikia amin.

Asubuhi yake bibi aliifunua televisheni, akazikunja kanga mbili akaziweka sandukuni. Msiba ulikuwa umekwisha kisheria. Mjomba aliingia chumba cha uani nami nikaingia nyuma yake. Faili lilikuwapo. Alilifungua, na kioo kikakaa cheusi, kikakaa cheusi. Enzi za chenga ungeona japo kivuli cha mtu. Mitambo hii mipya ama inakupa yote ama inakunyima. Mjomba alikuwa akisogeza mbele, anasimama, anasogeza tena. Vikatokea vipande vya miraba, kijani, buluu, kisha vikaungana. Bahari. Mwanamke ametugeuzia mgongo, ameinama kwenye maji ya magoti, anafunga mwani kwenye kamba. Sauti ya mtangazaji ikasema maneno mawili matatu juu ya faida za mwani. Picha ikavunjika tena, ikaganda, ikazima. Baada ya hapo hapakuwa na kitu hadi mwisho.

Mwanamke yule alikuwa anafunga kwa mkono wa kushoto.

Mjomba aliona. Nami niliona, na hapohapo nilijua sababu, sababu iliyokaa ndani yangu miaka mingi hata baada ya kufika sekondari na kufundishwa mawimbi ni nini. Tulipokuwa peke yetu mimi na mama, nilishindwa kutuliza mikono. Antena ilipotulia ilikuwa mkononi mwa Bi Mwanaidi, ikamleta yeye badala ya mama. Mama alikuwa njiani na alikosa pa kushukia. Nilikuwa nalala nikijiuliza alirudi wapi.

Sauti ya mtangazaji ndiyo iliyomleta bibi. Alisimama mlangoni akatutazama, akatazama kioo, na alielewa upesi kuliko tulivyotaka. Hakugomba. Alikuja akakaa kwenye ile ndoo yangu, kwa uzito wake wote, akasema kwa sauti ndogo, "Nionyeshe mwanangu."

Mjomba akarudisha nyuma. Miraba, bahari, mgongo, kamba, ukimya. Bibi aliuliza kwa nini amevunjikavunjika hivi. Nilimtazama mjomba. Mti ulikuwa bado umesimama katikati ya ua, turubai halijashushwa.

"Kadi yenyewe mbovu, mama," alisema. "Ilifaa nitafute nyingine."

Bibi akamwambia amrudishe tena. Akamrudisha. Safari hii bibi alinyoosha kidole akaugusa ule mgongo kwenye kioo, taratibu, kama mtu anayemsugua mtoto aliyepaliwa. Akasema ndiye, mimi nimemzaa, mgongo wake siukosei hata gizani. Mjomba akaangalia ukutani. Ndipo yule mtu aliyeambiwa ni jiwe akaanza kulia, mabega yanamruka, na bibi akampapasa kisogo huku macho hayatoki kwenye kioo. Akaniuliza na mimi kama nimemwona mama yangu. Nikasema nimemwona.

Alasiri Bi Mwanaidi alikuja kurudisha ungo. Nilipoisikia hodi yake nilijificha nyuma ya mlango, kwa maana sikujua nitamtazamaje. Bibi alimpokea kwa furaha ambayo hatukuwa tumeiona tangu msiba uingie. Alimshika mkono akamvuta mpaka chumba cha uani, akamkalisha, akamwamuru mjomba aonyeshe, akawa anamwambia tazama, Mwanaidi, tazama shoga yako. Mjomba alijaribu kusema mashine imepata moto. Bibi hakumsikia.

Picha ikaja. Bi Mwanaidi aliutazama mgongo wake mwenyewe, kanga yake mwenyewe, mkono wake wa kushoto ukikaza fundo. Alimgeukia mjomba, akaniona na mimi nyuma ya mlango, akarudisha macho kwenye kioo. Bibi alikuwa amemng'ang'ania mkono, anasubiri.

"Ndiye, mama," alisema Bi Mwanaidi. "Ndiye yeye. Mungu amrehemu."